Nyekundu ya Pilipili

Wakati Aminieli anakata kola yake kwa mkasi, mimi nilikuwa nakata ndafu. Nimezipitia dakika zile mara nyingi nikitafuta namna ya kuziachanisha, zimegoma. Saa nane na dakika kumi mchana, Jumamosi, mshereheshaji alitangaza kwamba shangazi wa binti aje mbele amkate yule mbuzi mzima wa kuchoma, nami nikaenda nikicheza, nimevaa sare ya ukoo, vigelegele vinapigwa. Saa nane na dakika kumi hiyohiyo, kilomita thelathini na moja kutoka ukumbini, konstebo wa miaka ishirini na sita alikuwa amepiga magoti kwenye tangawizi iliyopondeka, akitenda kosa la kumfukuzisha kazi.

Mimi ni Koplo Nakundwa Mmbaga wa Kituo cha Polisi Ngulumbi, kwenye barabara kuu inayopita chini ya milima. Nina miaka kumi na tisa kazini. Usiku wa siku ile nililala fofofo. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kunihurumia kabla hajasikia yote.

Kola zetu zilikuwa na jina refu kwenye makaratasi, lakini sisi tuliziita Mkwe, kwa sababu huwezi kumvua ovyo mbele za watu na anajua mambo yako kuliko unavyopenda. Mkwe alikaa shingoni saa zote za kazi. Alisikiliza mapigo ya moyo kwenye mshipa, akaonja jasho, akahesabu pumzi. Mwezi wa kwanza alikusoma tu, ajue ukiwa mzima unakuwaje. Baada ya hapo taa ya kijani ilimaanisha endelea. Njano, jiangalie. Nyekundu, unaondoka eneo la tukio ndani ya dakika mbili, askari mwenye kijani aliye karibu anaitwa kushika nafasi yako, gari linakuja kukurudisha nyumbani, na unapumzika siku tatu na mshauri nasaha wako. Ukutani, juu ya rejesta ya zamu, ilibandikwa sheria moja kwa herufi kubwa: ALIYEWAKA HAULIZWI.

Ilikuwa sheria nzuri. Kabla ya Mkwe, mwaka mmoja tulizika askari wetu watatu, na hakuna hata mmoja aliyeuawa na jambazi. Waliyoyaona barabarani waliyabeba kimya kimya mpaka yakawashinda. Baada ya Mkwe hatukumzika mtu. Mwenzetu Mwajabu alimtoa mtoto kisimani, akawaka, akapumzika, akawaka tena mwezi uliofuata, akapumzika tena. Leo anatusumbua kwa kaswida zake zamu nzima na hakuna anayethubutu kumnyamazisha, maana tunakumbuka miezi aliyokuwa hasemi.

Basi siku moja sajenti wetu wa trafiki alikula kachori kwa pilipili mbuzi. Mkwe akawaka nyekundu, na gari likaja kumchukua huku bado anatafuna. Tulicheka wiki nzima. Wiki ya pili hatukucheka, kila mtu alikuwa anafikiria.

*

Ruhusa ya Jumamosi ile niliomba, nikanyimwa kwa sababu tulikuwa wachache. Lakini binti wa kaka yangu anaagwa mara moja tu, na ndafu haikatwi na mwingine wakati shangazi yupo hai. Asubuhi nikachuma pilipili mbuzi moja kwenye kopo langu la dirishani, nikaifunga kwenye kitambaa cha mkono, nikaitia mfukoni. Nilipanga niwake saa saba, kwenye ugomvi wowote mdogo wa barabarani ambao usingeharibika nikiondoka.

Saa sita na nusu tukapigiwa simu. Lori lisilo na dereva lilikuwa limepoteza njia kwenye kona ya pili na kuikandamiza pikapu ya tangawizi kwenye ukingo wa mlima. Malori yale hayana mtu wa kumwuliza wala wa kumlaumu. Lilikuwa limesimama pale linawasha na kuzima taa zake za tahadhari kwa adabu, kana kwamba limeomba radhi na limemaliza.

Ndani ya pikapu alikuwamo mzee mmoja, jina lake Mrutu, dashibodi imembana kuanzia kiunoni. Uso wake ulikuwa umejaa udongo na damu, macho yamegandana. Waokoaji wenye mashine ya kukatia vyuma walikuwa wanatoka mjini, mwendo wa saa mbili nzima iwapo mvua isingenyesha huko juu. Nikaingiza mkono dirishani, nikamshika wake.

"Nani huyo?" akauliza.

"Polisi, baba. Naitwa Nakundwa."

"Ah, binti wa nyumbani." Jina langu la Kipare lilimtosha. "Nakundwa, usiniache peke yangu na hili dude."

"Siondoki, mzee wangu," nikamwambia.

Nilimwambia hivyo. Mkwe wangu alikuwa njano ya kawaida, njano ya mtu anayefanya kazi ngumu na kuimudu. Sikuogopa. Laiti ningeogopa, leo ningekuwa na la kujitetea. Nilikaa naye dakika ishirini, akanisimulia bei ya tangawizi na magoti ya mkewe. Halafu nikatazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika tatu, na mwendo wa kufika nyumbani, kuoga, kuvaa na kufika ukumbini niliujua vizuri.

Nikamwambia, "Nakuja sasa hivi, baba," nikageukia upande wa lori, nikaitafuna pilipili yote na mbegu zake. Nikabana pumzi. Machozi yakanitoka, moyo ukaanza kupiga ngoma, nikatema makapi kwenye kitambaa. Mkwe akasema kwa ile sauti yake ya kike isiyo na haraka, "Nyekundu. Ondoka eneo la tukio."

Gari la kunichukua na pikipiki ya Aminieli Tarimo vilifika karibu pamoja. Aminieli ni mtani wangu. Yeye Mchaga, mimi Mpare, kwa hiyo tangu ahamie kituoni hatujawahi kusalimiana vizuri. Yeye huniambia Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya mbuzi, nami humwambia Mchaga akizimia hamwagiwi maji, huangushiwa sarafu. Siku ile hakutania. Aliona taa shingoni mwangu, na macho yangu mekundu yanayovuja, uso wake ukabadilika kwa huruma.

"Mtani, pole. Imekuzidi?" Kisha akakumbuka sheria ya ukutani. "Samahani, afande. Nenda ukapumzike, mimi nipo."

"Mzee yuko vizuri," nikasema, nikitazama gari.

"Una kitambaa? Nimfute uso, anaona giza tu."

Nikakitoa mfukoni, nikakikung'uta, nikampa. Sikufikiria chochote. Ningependa kusema nilifikiria, lakini akili yangu ilikuwa imeshafika ukumbini.

*

Alhamisi iliyofuata Inspekta Shekalaghe, mkuu wetu wa kituo, aliniita ofisini. Alikuwa ameweka mikono juu ya meza kama mtu anayesubiri kuletewa chakula asichokipenda.

"Konstebo Tarimo atafikishwa kwenye kikao cha nidhamu Jumatatu," akasema. "Mkwe wake aliwaka saa nane na dakika saba. Askari mwenye kijani wa karibu zaidi alikuwa kilomita tisini. Sheria inasema anaondoka hata kama hakuna wa kumpokea. Hakuondoka. Akaikata kola kwa mkasi wa huduma ya kwanza, akakaa pale mpaka mzee akafariki, karibu saa tisa, waokoaji bado wako njiani."

"Yuko wapi sasa?"

"Nyumba ya Mapumziko. Hasemi. Anakula akilishwa." Akakohoa. "Na akifukuzwa atatolewa huko. Matibabu ni ya waliofuata utaratibu wa kola. Aliyeikata amejitoa mwenyewe, ndivyo walivyoandika."

Nilisimama pale na sare yangu iliyopigwa pasi, nimetoka mapumziko ya siku tatu, nimenenepa.

"Afande," nikaanza, "siku ile mimi..."

"Mke wangu alikuwa kwenye kamati ya ile sherehe," akanikatiza. "Picha za ndafu nimeziona. Umependeza."

Alikuwa mtu mwema, Shekalaghe, na ndiyo maana maneno yake yalinibana.

"Sheria inasema aliyewaka haulizwi, nami sikuulizi," akasema. "Lakini nikukumbushe kitu, Koplo. Makao makuu wapo wanaosema Mkwe ni mchezo wa kuwadekeza askari. Wanasubiri sababu tu. Likisikika neno pilipili kwenye kikao kile, kila nyekundu iliyowahi kuwaka nchi hii itaitwa uongo. Ya Mwajabu pia. Wataziondoa, na mimi nitaanza tena kuandika barua kwa wajane."

"Na Aminieli?"

"Aminieli ni mmoja," akasema kwa sauti ya chini, na hakunitazama tena.

Nilitoka nikapita pale kwenye rejesta. Mwajabu alikuwa anaandika huku anaimba, akanisogezea kikombe cha chai bila kukatiza ubeti. Niliinywa. Nilijiona mwizi aliyekaribishwa sebuleni.

*

Ijumaa nilikwenda Nyumba ya Mapumziko. Iko juu, penye baridi, kila dirisha linatazama miti. Chumbani kwa Aminieli kulikuwa na kile kisanduku cha mshauri nasaha kinachoongea na wagonjwa saa zote. Kilikuwa kinamwuliza, kwa upole wa kuchosha, kama angependa kueleza hali yake kwa rangi. Nikakizima. Nadhani na hilo ni kosa.

Alikuwa amekaa kitandani, mashavu yamebonyea. Nikavuta kiti.

"Mtani," nikasema. "Nimekuja kukuambia kitu kabla sijakisema Jumatatu. Sikuwa nimezidiwa siku ile. Nilitafuna pilipili. Nilikuwa na sherehe."

Hakuonyesha kushtuka. Nilipoanza kudhani hajanisikia, akasema, "Najua."

Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipomfuta. Aliniomba nimfute macho amwone aliye naye. Nikammwagia maji kidogo, nikamfuta kwa kile kitambaa chako, nikasugua hasa, damu ilikuwa imeganda. Akapiga kelele. Akasema macho yanawaka moto. Nikadhani ni tangawizi, ilikuwa imetapakaa kila mahali. Nikasugua tena. Ndipo nikakinusa, nikaona mbegu."

Nilishika ukingo wa kiti. Mpaka dakika ile nilikuwa najua nimemwacha mzee. Sikujua kwamba nilimwachia na hicho.

"Maji niliyokuwa nayo yaliisha," akaendelea. "Hakufumbua macho tena. Akawa anauliza, yule binti wa nyumbani amerudi? Nakundwa amerudi? Nikamwambia amerudi, mzee, huyu hapa amekushika mkono. Akasema mbona mkono umekuwa mgumu. Nikamwambia ni kazi za upolisi. Akacheka, mtani. Akacheka."

Nje mtu alikuwa anafagia majani. Nilisikia ufagio ukienda na kurudi.

"Halafu Mkwe wangu akasema. Nyekundu, ondoka eneo la tukio. Mzee akasikia. Akaanza kutetemeka, akasema, Nakundwa, mnaondoka tena? Ningemwambia nini? Mkwe akasema mara ya pili. Nikaikata kola inyamaze."

Nililia. Sikuwa na haki ya kulia mbele yake, lakini nililia, na yeye akanitazama bila hasira, na kutokuwa na hasira kwake ndiko kulikonimaliza. Kutoka chini ya godoro akatoa mfuko mdogo wa plastiki, akanipa. Kitambaa changu kilikuwamo, kimekakamaa, chenye ua la kufuma pembeni.

"Nilikificha wasikione," akasema. "Ukachome. Jumatatu usiseme kitu."

"Watakufukuza. Watakutoa humu."

"Nitakwenda kwa mama. Wewe ukisema, watamvua Mwajabu. Watawavua wote." Akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Nawajua Wapare kwa kupenda kesi. Hii ni kesi ya mbuzi, mtani. Iache."

"Yule hakuwa mbuzi," nikamwambia.

Nilikaa naye mpaka walipoleta uji, nikamlisha, akala nusu. Nilipoondoka nilikiwasha tena kile kisanduku, nacho kikaendelea na rangi zake palepale kilipoishia.

*

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa mikutano wa wilaya, saa nne asubuhi. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja kutoka makao makuu, Afande Nyenyembe, mwenye miwani minene na sauti ya mwalimu mkuu. Kushoto kwake alikaa bwana mwembamba wa idara ya vifaa ambaye, niliambiwa, hakumpenda Mkwe tangu siku ya kwanza. Mezani mbele yao palikuwa na vielelezo viwili: kola iliyokatwa na mkasi wa huduma ya kwanza. Aminieli aliketi kando ya ukuta na muuguzi wake. Inspekta Shekalaghe alikaa nyuma yangu, nikawa namsikia anavyopumua.

Niliitwa kama shahidi wa makabidhiano. Nilitakiwa kusema mambo matatu: niliwaka, nikakabidhi, nikaondoka. Usiku mzima wa kuamkia siku ile nilikuwa nimejiambia kwamba hayo matatu ni ya kweli yote, hivyo sitakuwa nimedanganya. Nilikuwa nimekaribia kukubali. Kilichonizuia si ushujaa. Kila nilipofumba macho yalianza kuniwasha.

"Koplo Mmbaga," akasema mwenyekiti, "siku ya tukio kola yako iliwaka nyekundu saa saba na dakika nne?"

"Ndiyo, afande. Iliwaka kwa pilipili."

Kalamu zikasimama. Nyuma yangu Shekalaghe akaacha kupumua. Nikatoa ule mfuko wa plastiki, nikauweka mezani karibu na kola, nikaeleza: ruhusa niliyonyimwa, kopo la dirishani, mbegu. Nikaeleza kwamba konstebo Tarimo alifika pale kushika nafasi ya askari ambaye hakuwa na sababu ya kuondoka, na kwamba kama ningekaa, yeye angekuwa kituoni akijaza rejesta.

Bwana wa vifaa aliegemea mbele. Alikuwa na furaha ya mtu aliyesubiri basi muda mrefu na sasa analiona kwa mbali.

"Kwa hiyo hizi kola hudanganywa na kiungo cha mboga."

"Kola haikudanganya, afande. Ilisema moyo unakwenda mbio, na kweli ulikuwa unakwenda mbio. Aliyedanganya ni mimi."

"Na wenzako wangapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Niliwaona wote, yule sajenti wa kachori, na wengine wawili ninaowajua. Nikamwona Mwajabu na kikombe chake cha chai.

"Nimekuja kujisema mwenyewe," nikajibu. "Lakini yupo askari kituoni kwetu aliyewaka mara mbili kwa sababu ya mtoto aliyemtoa kisimani. Hakula pilipili. Yuko hai kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Mkitaka kunivua mimi, nivueni. Yeye mwacheni."

"Tueleze hicho kitambaa," akasema mwenyekiti. "Kimefikaje kwa mtuhumiwa?"

Nikafungua mdomo nieleze. Nikafika pale mzee alipoomba afutwe uso ili amwone aliye naye, na sauti ikanikatika. Mikono ikafa ganzi. Nikasikia moyo wangu masikioni, na jasho likanitiririka mgongoni, baridi. Na shingoni mwangu, mbele ya ukumbi mzima, ile sauti ya kike isiyo na haraka ikasema, "Nyekundu. Ondoka eneo la tukio."

"Na hii?" akauliza bwana wa vifaa. "Na hii ni pilipili?"

Nikafungua mdomo wazi, nikatoa ulimi nje mbele yake, mama mzima wa miaka arobaini na nne. Aliutazama, kisha akatazama chini.

"Koplo," akasema Afande Nyenyembe, na sauti yake ya mwalimu mkuu ilikuwa imeshuka, "una haki ya kutoka. Hakuna atakayekuuliza. Ushahidi wako tutausikiliza baada ya siku tatu."

"Nyekundu," Mkwe akarudia. "Ondoka eneo la tukio."

Niligeuka nikamtazama Aminieli. Alikuwa amenyanyua kichwa, mara ya kwanza asubuhi ile. Alikuwa anautazama mlango, kisha mimi, kisha mlango, akisubiri kuona nitafanya nini.

Nikanyoosha mkono, nikauchukua ule mkasi mezani. Mtu akasema hicho ni kielelezo. Nikaupitisha kati ya kola na ngozi yangu, nikajikwaruza kidogo, nikabana. Mshipi ule ni mgumu kuliko unavyodhani. Nilibana mara tatu ndipo ukakatika, na sauti ikakoma katikati ya neno. Nikaziweka kola mbili pamoja pale mezani.

"Nitakaa," nikawaambia. Nikaanza upya, tangu pale nilipomshika mzee mkono na kumwambia siondoki.